Je, akili mnemba itawamaliza maofisa uhusiano chipukizi?

Vijana wengi wanaoanza kazi ya uhusiano wa umma wanaamini fani yao inaelekea ukingoni: ikiwa programu inaandika taarifa kwa vyombo vya habari kwa sekunde chache, wao watabaki na nini?

Hofu hiyo ina chanzo. Rasimu ya kwanza, muhtasari wa magazeti ya asubuhi, orodha ya wanahabari: hizo ndizo kazi wanazopewa wageni ofisini, na ndizo mashine inazimudu. Ila kuandika ni kipande tu. Mwanahabari akipiga simu saa tatu usiku kuuliza kama maji ya kiwanda yamechafuka, lazima awepo mtu wa kumwamsha mhandisi, kuthibitisha, kisha kuamua kipi kisemwe sasa. Programu haijui kilichotokea kiwandani. Ikikosa jibu huweza kulitunga, na lawama humfuata aliyetuma taarifa.

Ukitaka kupima mwenyewe, soma matangazo 10 ya nafasi za kazi hii, uhesabu majukumu ya kuandika tu na yale ya kushauri, kusikiliza na kujibu. Au iagize programu iandike kuhusu jambo unalolijua vizuri, kisha kagua kila jina na tarehe. Mimi hukagua mara mbili.