Kabla hujanunua pikapu mpya za besi

Wengi wanaoniletea magitaa ya besi hufika na pikapu mpya, zile sumaku zilizozungushiwa koili ya waya zinazonasa mlio wa nyuzi, tayari ndani ya boksi. Sauti ya gitaa lao haina uzito, wanasema, na dukani wamehakikishiwa kwamba dawa ni hiyo. Boksi naliweka pembeni, natyuni gitaa, kisha naitazama shingo. Mara nyingi kazi yote iko pale, wala haihitaji kifaa kipya hata kimoja.

Nyuzi nne za besi kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, mchana na usiku. Kinachoshindana nazo ni ufito wa chuma uliolazwa ndani ya shingo, trasirodi, ambao hukazwa kwa spana ndogo kule kichwani au pale shingo inapokutana na mwili. Huku pwani masika yakiingia mbao hunyonya unyevu na shingo hubadilika, na gitaa lililokuwa jepesi mwezi wa pili unalikuta mwezi wa nne limekuwa gumu kulibana. Kupima ni rahisi. Bana uzi mnene kabisa kwenye freti ya kwanza, yaani kijiti cha chuma cha kwanza kinachokatiza shingo, kwa mkono wa pili ubane tena pale shingo inapoingia mwilini, halafu angalia mwanya uliobaki juu ya freti ya saba au ya nane. Mimi nataka milimita 0.3 hivi, kadi ya biashara ipite bila kuusukuma uzi. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa, kwa sababu uzi wa besi ukipigwa huyumba sana katikati na lazima upate nafasi ya kuchezea, la sivyo utagonga freti na kulia kama bati.

Ukiizungusha nati ya trasirodi kwa mwendo wa saa shingo inanyooka, ukirudi nyuma inajikunja mbele. Zungusha robo tu, tyuni upya, pima tena. Nati ikikataa, acha hapo hapo umpelekee fundi. Trasirodi iliyokatika ndani ya shingo inaweza kukugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Baada ya shingo ndipo unashuka kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 17 kikiwa kati ya milimita 2 na 2.4, wapigaji wengi wanaridhika. Anayecharaza kwa nguvu apandishe zaidi. Sikubaliani kabisa na mashindano ya kushusha nyuzi mpaka zilale juu ya freti, maana sauti nene inatoka kwenye uzi uliopewa nafasi. Malizia kwa kulinganisha sauti mbili za kila uzi: ile ya kuugusa kidogo tu juu ya freti ya 12 na ile ya kuubana hapo hapo. Ya kubana ikiwa juu, rudisha nyuma kitako cha uzi huo, kile kinachoubeba kwenye briji. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hapa ndipo penye siri ya magitaa mengi ya kanisani ambayo eti hayapatani na kinanda. Yametyuniwa vizuri, ila hakuna aliyewahi kugusa skrubu za briji.

Sasa nyuzi. Nikiambiwa nina fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, nabadilisha nyuzi. Nyingi madukani ni zile zilizozungushiwa waya wa mviringo: zinang'aa, zinasikika kucha zikipita, na katikati ya mizunguko hukaa jasho na uchafu unaoua ule mng'ao. Wengi wetu huzichemsha, na ni kweli zinaamka, ila kwa muda mfupi. Kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga kinasaidia zaidi. Aina ya pili ni zilizozungushiwa utepe bapa. Hazikwaruzi, hazing'ai, zinatoa sauti ya duara iliyojaa, na ndizo ninazompa kila anayetaka besi ya zilipendwa. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia gitaa la besi la Fender Precision la 1962 lenye nyuzi za namna hiyo, akaweka sponji chini ya kifuniko cha briji na kucharaza kwa kidole kimoja cha shahada. Sponji! Kipande cha godoro chini ya nyuzi karibu na briji kinafupisha mlio na kuipa noti kishindo chake. Kijaribu leo kabla ya kununua chochote.

Kwenye muziki wetu kufupisha huko kuna maana kubwa. Msikilize Tom Malanga, mpiga besi wa bendi ya Les Wanyika: besi yake inasema maneno machache, inanyamaza, na ngoma na gitaa la rhythm vinapumua ndani ya ule ukimya. Ukimya huo ni kazi ya mkono wa kushoto unaolegeza kidole bila kukiinua kwenye uzi. Mkono wa kulia nao unachagua rangi: karibu na briji sauti inakaza, karibu na shingo inanenepa. Hilo ni badiliko kubwa kuliko kifundo chochote cha toni.

Tuje kwenye umeme. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa Precision mwaka 1951 pikapu yake ilikuwa na koili moja. Mwaka 1957 akaigawa vipande viwili, kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G, vikiwa vimepangwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute. Jazz Bass yake ya 1960 ina pikapu mbili zenye ujanja huo huo, ila zinafutana tu volyumu zote mbili zikiwa sawa. Kwa hiyo mwenye Jazz anayelalamikia mvumo, kwanza afungue volyumu zote mpaka mwisho. Ukibaki, fungua tundu la nyaya ulitandaze tepu ya shaba, kila kipande kigusane na mwenzake na vyote viungwe na waya wa ethi wa gitaa. Hakikisha kwa multimita, maana shaba isiyofika ethi haisaidii.

Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, ethi ya nyuzi ipo na kinachokosekana ni hiyo kinga ya shaba. Lakini ukipigwa shoti mdomoni ukigusa maikrofoni, acha kupiga. Hapo ethi ya jengo au ya ampu ina hitilafu. Wapo wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili mvumo uondoke. Tafadhali usifanye hivyo, watu hufa kwa njia hiyo.

Vifundo vya volyumu na toni vya pikapu za koili moja huwa vya kilo-omu 250. Vya 500 huacha sauti kali zaidi ipite. Kapasita ya toni, kile kidude kinachopunguza sauti kali, kwenye Precision nyingi za leo ni maikrofaradi 0.047, na kazi yake inasikika hasa unapofunga toni, kwa hiyo usiuziwe kapasita ya bei ya ajabu.

Kisha pikapu yenyewe, na hata hapo anza na bisibisi. Ikikaa mbali sauti inakuwa dhaifu. Ikikaribia mno, sumaku zinauvuta uzi na noti za juu zinayumba. Milimita 2 hadi 3 chini ya uzi uliobanwa freti ya mwisho ni mwanzo mzuri. Kama bado huridhiki, basi nunua, ila upime tundu kwanza, kwa sababu magitaa ya nyuzi tano na ya kuiga yana vipimo vyake. Na mwenye besi ya betri, kama Music Man StingRay iliyoanza 1976, achomoe waya akimaliza. Kwenye magitaa hayo waya unapoingia ndipo betri ya volti 9 inapowaka, na ukilala umechomekwa utakuta sauti imekufa.

Besi ya akustika ina shida nyingine kabisa. Uzi wa E hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde, na wimbi lake hewani linazidi mita nane. Kijisanduku chembamba cha gitaa hakiwezi kulisukuma. Earthwood ya Ernie Ball ya mwaka 1972 ilikuwa na tumbo kubwa lenye kina, kwa kufuata guitarrón, gitaa kubwa la besi la Mexico, na hata hivyo ukumbini ilihitaji msaada. Zile za leo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo zinategemea piezo, kihisi cha mtetemo kilicho chini ya kitako cha nyuzi. Piezo haipendi kuchomekwa moja kwa moja kwenye mixa, sauti inakuwa kama ya redio ndogo. Pitisha kwenye priampu, yaani ampu ndogo ya kutangulia, au kisanduku cha DI cha kuunganishia gitaa na mixa, chenye ingizo la megaomu 1 au zaidi. Ikianza kuvuma yenyewe jukwaani, ziba tundu la sauti kwa kifuniko cha mpira na usimame pembeni ya spika, si mbele yake, kisha punguza kidogo kifundo cha sauti nzito kwenye mixa kabla hujapunguza volyumu.