Pesa za chuma ni nini, na kwa nini zilifuliwa kwa umbo la silaha

Ukisema pesa za chuma wengi wanawaza sarafu, ila hapa tunaongelea mikuki, visu na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kiafrika, watu wakayapokea kama malipo kabla pesa ya mkoloni haijaenea. Thamani yake ilitoka kwenye jasho. Kuyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru la udongo kunakula mkaa balaa, watu wanavukuta kwa zamu, halafu lile bonge linalotoka linapigwa nyundo tena na tena mpaka uchafu uishe, kwa hiyo mwenye bapa la chuma alikuwa na mali, na akibanwa anampelekea mhunzi analigeuza kitu kingine.

Mfano ninaoupenda ni liganda, ya kule Kisangani kwa Waturumbu na Walokele. Ni bapa la mkuki lakini limezidi, nyingi zinafika mita 1.5 na kuendelea, na ni jembamba kiasi kwamba ukienda nalo vitani litapinda tu. Sasa kwa nini mtu ahangaike kufua mkuki usiochoma? Kwa sababu hii haikuwa pesa ya kununulia chumvi gengeni, hii ni ya mambo mazito, hasa mahari, unaikabidhi mbele ya wazee na kila mtu anaona umetoa nini.

Kwa Wazande, watu wa katikati ya Afrika, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kpinga yao ni kisu cha kurusha chenye mabapa kadhaa yanayotokeza pande tofauti, kinazunguka hewani na kikitua vyovyote vile kuna ncha itakupata, askari alikibeba nyuma ya ngao. Silaha kabisa hiyo, na bado iliingia kwenye mahari. Unyamwezi nako walioa kwa majembe.

Halafu kuna pesa ya Wakissi, huko Guinea, Sierra Leone na Liberia, kijiti cha chuma kilichosokotwa, upande mmoja kina "sikio" upande wa pili "mguu". Kikivunjika wanasema roho imetoka, hakinunui kitu mpaka mtaalamu akiunge kwa tambiko. Noti zetu tunabandika selotepu tu maisha yanaendelea.

Wakoloni walivyoanza kudai kodi kwa sarafu zao, chuma kikapoteza kazi hiyo, na maafisa na wamisionari wakabeba mizigo kwa mizigo, nyingine ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mpaka leo. Siku hizi zinauzwa minadani kama sanaa, zimesimamishwa kwenye vigingi. Hapo ndo hadithi zinapoanza: ngulu, lile panga la Kongo lililopinda kama mundu, wauzaji wanaliita la kukatia vichwa maana damu inauza, wakati mengi yalishikwa kwenye ngoma na kuonyesha ukubwa wa mtu.

Na feki zipo kibao. Bati la kiwandani likikatwa kwa mashine na kumwagiwa asidi linapata kutu ya kizee fasta, ila unene wake uko sawa kuanzia katikati mpaka ukingoni. La mhunzi lipitishe vidole taratibu: katikati kuna mgongo, linapungua kuelekea kwenye makali, na alama za nyundo hazilingani.