Presha ya kurithi ni ipi hasa?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya presha hapa Dodoma, hutakosa kumsikia mtu akisema, "Kwetu hii ni ya ukoo." Mara nyingi hakosei, ila anachanganya mambo mawili. Presha ya kawaida huchangiwa na vinasaba vingi, kila kimoja kidogo kidogo, pamoja na umri, unene, pombe na chumvi. Tena watoto waliokulia jiko moja hurithi hata mkono wa kutia chumvi, na huo haumo kwenye damu.

Presha ya kurithi ninayoizungumzia ni adimu: hitilafu ya kinasaba kimoja tu inatosha kuileta. Aina nyingi huishia kwenye figo, zikabakiza chumvi ambayo ingetoka na mkojo. Chumvi huvuta maji, presha hupanda. Mojawapo ina jina la Grant Liddle, daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1963. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Inagundulikaje? Chukua kijana wa miaka 22 wa Kongwa, mwembamba. Kipimo kinasoma 170/110, kinarudiwa siku nyingine, ni kulekule. Mama yake alipata kiharusi kabla ya miaka 40. Kijana anameza dawa tatu bila kuruka, mojawapo ya kukojoza, na presha haishuki. Figo zikaguliwe kwanza, maana matatizo yake ya kawaida ndiyo mengi zaidi. Kisha potasiamu kwenye damu, kipimo cha bei nafuu kinachosahaulika mno kwa maoni yangu. Ikiwa chini, hilo ni dokezo la presha ya namna hii, ila ikumbukwe kuwa dawa za kukojoza nazo huishusha.

Baada ya hapo hupimwa homoni mbili, renini na aldosteroni. Zote zikiwa chini, ugonjwa wa Liddle unashukiwa. Renini ikiwa chini na aldosteroni juu, macho yahamie kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kipimo cha vinasaba huja mwisho, kuthibitisha.

Jibu hubadili dawa. Mwenye Liddle hasaidiwi na spironolaktoni, ila amilorayidi humshushia presha, pamoja na kupunguza chumvi. Nao ndugu zake wa tumbo moja wapimwe, hata wasiolalamika chochote.