Gombo halikuchomwa kwa kosa moja: dhana potofu kuhusu waandishi wa Kiyahudi

Kila muhula wa Kiebrania huniletea mwanafunzi anayedai, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia, kwamba mwandishi wa Kiyahudi alipokosea herufi moja tu gombo zima lilichomwa moto, na ndiyo sababu maandiko yametufikia bila doa. Dhana hii huwavunjia heshima watu inaokusudia kuwasifu, kwa kuwa inaficha sehemu kubwa ya kazi yao, yaani kusahihisha. Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi, katika sehemu iitwayo Menahoti, huruhusu gombo la Torati kurekebishwa makosa yakiwa machache katika kila safu, na safu moja iliyo safi yaweza kuliokoa gombo lenye makosa mengi. Ketuboti, sehemu nyingine ya Talmudi, nayo hukataza kukaa na kitabu kisichosahihishwa zaidi ya siku 30. Wino hukwanguliwa, herufi huandikwa upya. Jina la Mungu pekee halifutwi: likiandikwa mahali pasipo pake, kipande kile cha ngozi huondolewa na kingine kushonwa, na kilichoondolewa huhifadhiwa au huzikwa kwa heshima. Moto unatoka wapi?

Asiyeamini na alitazame gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumran, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Katika sura ya 40, maneno kuhusu majani kukauka na ua kunyauka yamo katika aya ya 7 na tena ya 8. Jicho la mwandishi likaruka kutoka maneno ya aya ya 7 hadi yale ya aya ya 8, na mkono mwingine ukayaongeza yaliyoachwa juu ya mstari, yakafurika hadi ukingoni.

Wapo wanaosema Qumran ilithibitisha kila neno. La: huko kulipatikana pia vipande vya Yeremia vyenye maandishi mafupi zaidi, yanayokaribiana na tafsiri ya Kiyunani. Walioruka upande wa pili, wakidai kwamba Wamasoreti wa Tiberia, wataalamu wa Kiyahudi wa Zama za Kati waliohifadhi maandiko ya Kiebrania, waliyatunga maandiko upya, wajue kwamba gombo la kitabu cha Mambo ya Walawi lililopatikana En-Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, lililoungua na kusomwa kwa kompyuta mwaka 2016, lina konsonanti zilezile za Wamasoreti katika sehemu zilizosomeka, ilhali ni la karne nyingi kabla yao.

Wamasoreti waliongeza irabu, na matamshi yalipotofautiana na maandishi waliyaweka pembeni bila kuligusa neno lenyewe. Hata 1 Samweli 13:1, ambapo umri wa Sauli haumo katika Kiebrania na sentensi imebaki pungufu waziwazi, waliiacha ilivyo.