Kisu cha mfukoni na mbwa mkali: daktari wa mifugo anakujibu

Juzi kati alikuja ofisini kwetu kijana mmoja asubuhi kabla hata chai haijaiva, mkono wa kulia umefungwa kanga na kanga yenyewe imeloa. Sisi watu wa mifugo tukiona hivyo tunajua tu ni mbwa. Kumfungua nikakuta vidonda vya aina mbili. Kuna vitobo vinne vya meno juu ya kiganja, hivyo nimeshavizoea. Lakini ndani ya vidole, cha shahada na cha kati, kulikuwa na mkato mmoja umenyooka kama umepigwa rula. Nikamuuliza, na hii nayo mbwa? Akacheka ile ya aibu, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni akatoa kisu cha kukunja, vile vya mpini wa mbao wanavyouza wamachinga stendi.

Kumbe jamaa anaoka mikate, anatoka kwake saa kumi alfajiri, na njiani kuna mbwa watatu wa nyumba moja ambayo geti halifungwi. Akaambiwa na wenzake atembee na kisu. Siku ya siku mbwa mmoja akaja kweli, akakifungua, akachoma, ncha ikagonga mfupa na kisu kikajikunja chenyewe kikamfungia vidole. Mbwa akaendelea na kazi yake.

Nimeulizwa hili swali la kisu mara nyingi sana, na madereva wa boda, na walinzi, na wale wa mazoezi ya asubuhi, na wazee wanaowahi swala ya alfajiri, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Jibu fupi ni usibebe. Sio kwamba nawaonea huruma mbwa (nawaonea, ndo kazi yangu), ila hicho kisu kinakupeleka mahali pabaya kuliko ulipokuwa.

Anza na muda. Mbwa wetu huyu wa kawaida, sio wa mashindano, akikimbia anapita kilomita 30 kwa saa, yaani zaidi ya mita 8 kila sekunde. Akikuanzia mita 15, hapo getini tu, unazo kama sekunde mbili au pungufu. Ndani ya hizo sekunde mbili ushtuke, uingize mkono mfukoni, upite funguo na simu, utoe kisu, ukifungue kwa mikono miwili maana vingi vinafunguliwa kwa kucha, ukishike vizuri, na hiyo mikono inatetemeka. Jaribu nyumbani ukiwa umetulia kabisa uone inachukua muda gani, halafu kumbuka alfajiri kuna giza.

Haya, tuseme umewahi. Kisu chenyewe kina urefu gani? Kidole kimoja. Ili kimguse mbwa lazima mkono wako uwe pale alipo mdomo wake, na mbwa silaha yake ni mdomo, yaani umemfuata kwenye uwanja wake wa nyumbani. Fimbo inamweka mbali na wewe, kisu kinamleta. Na mbwa ukimchoma kidogo begani au mgongoni haanguki kama kwenye sinema, ana ngozi inayochezacheza na manyoya na hasira, maumivu yanamfanya ang'ate kwa nguvu zaidi na asiachie. Wewe ndo unabaki unachoma hovyo huku mkono wako mwingine uko humo humo kwenye vurugu.

Sasa njoo kwenye kile ambacho mimi kama daktari kinaninyima usingizi, nacho ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Hapa Tanzania watafiti waliwahi kukadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kuogopa maji, kuweweseka, koo kukaza, hapo hospitali haina dawa ya kukurudisha, karibu kila mtu anakufa. Ila kabla ya dalili kinazuilika vizuri kabisa. Kirusi kinakaa kwenye mate, kinaingia kwenye kidonda, kinatafuta mshipa wa fahamu na kuufuata taratibu hadi kwenye ubongo. Ndo maana mahali ulipong'atwa ni muhimu. Uso, shingo, na mikono ina mishipa ya fahamu mingi sana, hasa vidole. Mtu aliyeng'atwa shavu la mguu juu ya suruali ya jinzi ana nafuu kidogo kuliko aliyeng'atwa vidole vitupu. Na mwenye kisu anang'atwa wapi? Vidole vitupu, tena vingine vimeshakatwa na kisu chenyewe, mate yana mlango wa ziada.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii kabisa. Mbwa akikung'ata na ukabaki unamjua, tunamfunga na kumwangalia siku 10. Wewe unaanza chanjo siku hiyo hiyo bila kusubiri, lakini siku 10 zikipita na yeye yuko mzima anakula, tunajua siku ile hakuwa na kirusi kwenye mate na daktari anaweza kukusimamishia sindano zilizobaki. Ukimuua, hiyo nafasi umeiua na yeye. Tunabaki na kupima ubongo wake tu, na mara ngapi tumeitwa tukakuta kundi la vijana wameshaponda kichwa kwa mawe na matofali, sampuli hakuna, na kila aliyemshika kwa mikono sasa ni mgonjwa wa kufuatilia. Mbwa akishauawa, kwa sababu yoyote ile, msimtupe shimoni kimya kimya na msimshike mikono mitupu, mwiteni afisa mifugo wa kata.

Kisu pia kina usumbufu wa upande wa binadamu wenzako. Ulinzi shirikishi wakikusimamisha saa tisa usiku wakakupekua, hadithi ya "nimebeba kwa ajili ya mbwa" huwa haieleweki haraka. Ndugu zetu walioko Uingereza nao huwa wananiandikia, na huko sheria imenyooka: kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, kama sentimita 7.6 hivi, na kisichojifunga kikishafunguka, ndicho unachoweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Kikizidi hapo lazima uwe na sababu ya maana, na kujilinda haihesabiki. Sasa ona kichekesho chake, hicho kinachoruhusiwa ndo kile kile kinachojikunja kwenye vidole vya muoka mikate wetu.

Basi ubebe nini? Bakora. Mwavuli ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, maana ukiufungua ghafla mbele ya uso wa mbwa ameona kitu kikubwa kimetokea kusikojulikana, wengi wanarudi nyuma. Begi, koti, ndoo, hata baiskeli yenyewe, chochote cha kuweka katikati yako na yeye. Akiking'ata mwachie, begi linanunuliwa. Na tochi, unamwona mapema unabadilisha njia.

Halafu kuna ile mbinu ambayo hukufundishwa darasani, ya kuinama kama unaokota jiwe. Mbwa wa mitaani kwetu anaijua tangu mdogo, ukiinama tu keshageuka, hata kama chini hakuna jiwe. Naikubali kwa mbwa aliye mbali na anayebweka. Usiifanye akiwa mita moja kutoka kwako, maana unampelekea uso. Na mbwa mwenye kichaa haielewi, hajali jiwe wala fimbo wala kundi la watu. Ukiona mbwa anatembea kama amelewa, mate yanamtiririka, sauti imekauka, anang'ata chochote njiani hata matairi na miti, huyo usishindane naye, ingia ndani au panda juu ya kitu. Kuna na kichaa kile cha kimya, mbwa ametulia tu kwenye kona, taya limelegea, hawezi kumeza. Watu wanadhani amekwamwa na mfupa kooni, wanaingiza mkono kumsaidia. Jamani huo mkono msiingize. Niite mimi, nina glovu na nimechanjwa.

Kwa mbwa mzima lakini mkali, kosa kubwa ni kukimbia. Ukikimbia wewe ni swala. Simama, geuka ubavu kidogo, usimkodolee macho, mikono ibane kifuani, nyamaza. Inakuwa ngumu, najua, miguu inataka yenyewe kuondoka. Mbwa wengi wanakuja kwa kishindo, wananusa, wanakosa cha kufukuza, wanachoka. Ndo urudi nyuma taratibu huku bado una habari naye. Kwa boda, punguza mwendo, mbwa anafukuza mwendo na kelele zaidi ya anavyokufukuza wewe, na ajali nyingi ninazozijua ni dereva alirusha teke akapoteza balansi. Ukiangushwa, jikunje, magoti tumboni, mikono ifunike shingo na masikio. Watoto wafundisheni hili kama mchezo, kwa sababu watu karibu 4 katika kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kichaa ni watoto chini ya miaka 15, na kwa kimo chao anayefikiwa kwanza ni uso.

Akishang'ata, kimbilio la kwanza ni bomba, hospitali ya pili. Yule kijana kabla ya maelezo yoyote nilimpeleka kwenye bomba la nje, nikampa kipande cha sabuni ya mche, nikaweka saa ya simu dakika 15. Dakika ya nne akasema imetosha. Haijatosha. Kirusi hiki kina ganda la mafuta na sabuni inalivunja, ila inahitaji muda na maji yanayotiririka hadi ndani ya vile vitobo. Alilia kidogo, tukaendelea. Baada ya hapo spiriti au iodini kama ipo. Msipake pilipili, mafuta ya taa, tumbaku, majivu, wala msibandike jiwe la nyoka. Wapo wanaoniuliza kuhusu udongo, kwamba mate ya mbwa yanaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Hilo la tohara ya chombo na nguo muulizeni shehe, mimi sina ubishi nalo, ninachoomba ni udongo usiingie kwenye kidonda kibichi, pepopunda inakaa humo.

Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwahi saa moja baadaye vizuri, ukichelewa siku tatu bado nenda, hata wiki mbili bado nenda, kwa kawaida kirusi kinachukua miezi miwili mitatu kabla ya dalili ingawa kinaweza kuwa siku chache tu au hata mwaka. Sindano ni kadhaa, siku ya kwanza, halafu ya 3, ya 7, na zinazofuata kulingana na utaratibu wa kituo chako. Wanaoishia sindano ya kwanza kwa sababu kidonda kimekauka ndo wanaotutia hofu. Kidonda kilichozama ndani kinahitaji pia dawa ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa pembeni ya kidonda kama ipo, na usilazimishe kushonwa haraka. Zile habari za sindano 21 za tumboni ni za zamani, sasa zinachomwa begani tu.

Halafu kuna nyie wenye mbwa. Nimeona vibao vya MBWA KALI kwenye mageti yaliyo wazi, na achana na sarufi (ni mkali, lakini kibao kimeshashinda vita hiyo miaka mingi), kibao hakifungi mlango. Mbwa anachanjwa akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka anarudia. Tukichanja mbwa 7 katika kila 10 eneo fulani, ugonjwa unakosa pa kwenda. Sio nadharia, Pemba walianza kuchanja mbwa kwa wingi 2010 kichaa kikaondoka, kikarudi 2016, wakachanja tena kikaondoka tena. Hakuna aliyekimaliza kwa visu.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na halmashauri nyingi zinachanja kipindi hicho, kwa hiyo sikilizeni tangazo la mtaa. Mleteni kwa kamba ya shingoni, sio mikononi, na aje mtu mzima anayemzoea. Kila mwaka tunaona mtoto wa miaka saba anaburutwa na Simba au Polisi au Tarzani hadi kwenye meza yetu, na mwenye mbwa yuko nyumbani anaangalia mpira.

Wale mbwa watatu wa geti bovu niliwafuata na mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba alianza kwa ukali, eti yule kijana alikuwa na kisu. Nikamwambia ndiyo, na kiko ofisini kwangu, sasa nionyeshe kadi ya chanjo. Hakuwa nayo. Tulimtenga yule aliyeng'ata kwenye banda la kuku lililokuwa tupu, nikawa napita kila siku jioni. Siku ya kumi alikuwa mzima, anakula ugali na dagaa, anabweka kwa afya kabisa, tukawachanja wote watatu na komeo likawekwa getini. Kijana alimaliza ratiba yake hospitali, vidole vinafunga vizuri isipokuwa cha kati ambacho bado hakikunjiki hadi mwisho, anasema kinamsumbua akikanda unga. Sasa anatembea na mwavuli, hata kiangazi.