Tanuri la piza la matofali: joto likae wapi, moshi utoke wapi

Piza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 iliyosajili jina la piza hiyo inataja muda huo, pamoja na joto linalofika takriban nyuzi 485 za Selsiasi. Oveni ya jikoni ikijitahidi sana hugota kwenye 250 au 280. Pengo hilo ndilo linalowafanya watu waanze kukusanya matofali bustanini. Mimi ni fundi mwashi na matanuri ndiyo kazi yangu ya kila siku. Wengi wanaoniita nikague tanuri "lisiloshika joto" wamejenga kitu kizuri kwa macho: matofali yamepangika, tao la mlango limekaa sawa, nakshi imewekwa. Kasoro huwa imejificha chini ya sakafu au mgongoni mwa kuba, mahali ambapo mgeni hatazami.

Tuanze na hili: kuni haziivishi piza. Kuni hupasha matofali, na matofali ndiyo yanayoivisha. Unga uliokandwa na kutandazwa hupata joto la chini kwa kugusana na sakafu, na joto la juu hushuka kutoka kwenye kuba bila kugusa chochote. Hilo la juu haliongezeki polepole. Hupanda kwa kipeo cha nne cha joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi (nyuzi 273 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), kwa hiyo kuba la nyuzi 450 humwaga joto zaidi ya mara tatu na nusu ya kuba la nyuzi 250. Ukipoteza nyuzi mia kwa sababu ya unyevu au kihami hafifu (tabaka la kuzuia joto lisitoroke), utaona sakafu inaunguza chini huku jibini juu bado linatafakari.

Umbo ninalolipenda ni kuba la nusu tufe. Waokaji wa Pompeii walikuwa na matanuri ya kuba kabla ya Vesuvius kuufukia mji wao mwaka 79, na yapo hadi leo, bila nondo wala saruji ya kisasa. Siri ni kwamba kila kozi, yaani safu moja ya matofali, ikishafunga mduara hujibana yenyewe. Tanuri la umbo la pipa ni rahisi kwa mtu asiyetaka kukata matofali kwa pembe, na kwa mikate ni zuri, ila linasukuma kuta zake nje na linahitaji uzito mkubwa ubavuni wa kulizuia.

Kwa nyumbani, kipenyo cha ndani cha sentimita 80 hadi 100 kinatosha. Kikizidi hapo utateketeza kuni nyingi kupasha eneo usilolitumia. Chukua mfano wa mita 1. Uso wa ndani wa kuba hilo ni karibu mita za mraba 1.57. Tofali la kawaida la kustahimili moto lina milimita 230 kwa 114 kwa 64. Ukilikata katikati na kuelekeza ndani uso wa 114 kwa 64, utahitaji vipande kama 215, yaani matofali 108. Sakafu itakula 30. Jumlisha tao la mlango, ukumbi mdogo wa mbele na yatakayovunjika: usianze kazi ukiwa na chini ya 170.

Swali la aina ya tofali huchukua nusu ya simu ninazopokea. Matofali ya kustahimili moto ya daraja la kati, yenye alumina (oksidi ya alumini) ya asilimia 30 hadi 40 hivi, yanatosha kabisa. Usikimbilie yale ya alumina nyingi yanayojengewa tanuru za kuyeyushia vyuma. Yanapitisha joto haraka mno na yataunguza chini ya piza kabla juu haijapata rangi. Matofali mekundu ya kuchoma, mazito, yasiyo na matundu na yanayolia vizuri yakigongwa, yanaweza kujenga kuba, ingawa baada ya muda yataanza kumeguka magamba. Kwenye sakafu siyakubali, kwa sababu magamba hayo yataishia kwenye chakula. Tofali la saruji lisikanyage ndani ya tanuri hata moja. Kazi yake ni kubeba stendi chini.

Sasa mlango, ambao kwangu ndio kipimo kigumu kuliko vyote. Urefu wake uwe karibu asilimia 63 ya urefu wa ndani wa kuba. Kuba la sentimita 50 linataka mlango wa 31 au 32. Tundu hilo moja linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hewa baridi inaingia ikitambaa sakafuni, inafika motoni, inapanda ukutani, inazunguka dari na kutoka ikiwa moshi kwenye sehemu ya juu ya mlango uleule. Mlango ukiwa mrefu mno, hewa ya moto iliyojikusanya darini inamwagika nje. Ukiwa mfupi mno, moto unakosa pumzi na moshi unakurudia usoni.

Ukishaielewa safari hiyo ya moshi utajua kwa nini dohani haikai kileleni mwa kuba. Karibu kila mtu hutaka kuiweka hapo, na nimeziba matundu ya aina hiyo kwenye matanuri ya watu wengine. Dohani ya kileleni hunyonya joto moja kwa moja kabla halijagusa matofali. Mahali pake ni mbele, nje ya mlango, juu ya tao la ukumbi, ikidaka moshi ambao umekwisha kulizunguka kuba.

Tushuke chini ya sakafu. Tanuri hili kavu, pamoja na stendi na zege, linapita tani moja kirahisi, kwa hiyo msingi uwe jamvi la zege lenye nondo, unene wa sentimita 15, juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Kuta za matofali ya saruji zipande hadi usawa utakaoifikisha sakafu ya kuokea karibu na kiwiko cha mpishi, kama mita 1.05 hadi 1.15. Juu ya kuta mwaga jamvi la pili la sentimita 10, uache vitundu vichache vya kutolea maji.

Halafu inakuja tabaka ambalo watu huliruka. Zege linanyonya joto kwa pupa. Ukipanga matofali ya sakafu moja kwa moja juu yake, utakuwa unapasha stendi nzima, na sakafu itapoa kwenye piza ya pili au ya tatu huku kuba likiwa bado na joto kali. Kati ya jamvi na sakafu lazima kiwepo kihami joto: ama ubao wa kalisiamu silikati wa milimita 50, ama sentimita 10 za vamikulaiti (madini mepesi yaliyovimbishwa kwa joto) iliyochanganywa na saruji kwa uwiano wa 5 kwa 1. Vyote viwili hupitisha joto kidogo sana kulinganisha na tofali zito. Mchanganyiko wa vamikulaiti unabonyea kidogo ukiukanyaga na una sura ya uji uliokauka, na mafundi wageni huuongezea saruji kwa kuuhurumia. Wasiuhurumie. Nguvu inaongezeka, uhami unapotea.

Sakafu yenyewe haijengewi kwa saruji. Tandaza milimita chache za mchanga laini uliochanganywa na unga wa udongo wa mfinyanzi, usawazishe kwa pima maji, kisha banana matofali makavu. Mimi huyapanga kwa mshazari ukilinganisha na mlango, ili koleo bapa la kutolea piza lisigote kwenye ukingo. Tofali moja likipasuka miaka ijayo utaling'oa na kuweka jingine bila kugusa kuba.

Kuhusu mchanganyiko wa kujengea kuba, saruji ya kawaida peke yake ni kosa, na sababu yake ni ya kikemia. Saruji ikikomaa huwa na hidroksidi ya kalisiamu, na kati ya nyuzi 400 na 500 hivi kiungo hicho hupoteza maji yake. Tanuri likipoa linavuta unyevu wa hewani, kile kilichobaki kinavimba, na baada ya mizunguko kadhaa viungo kati ya matofali vinakuwa unga. Ukipata mchanganyiko maalumu wa kustahimili moto wa kiwandani, utumie. Usipoupata, wajenzi wa matanuri huchanganya sehemu 3 za mchanga laini, 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 1 ya udongo wa mfinyanzi unaostahimili moto. Saruji hapo inashika siku za mwanzo tu. Ikichoka, chokaa na udongo vinaendelea. Hata hivyo kinachobeba kuba ni umbo lake, na udongo wa kujengea unajaza mapengo tu. Kwa hiyo upande wa ndani matofali yakaribiane sana, na pengo la umbo la V libaki upande wa nje.

Ili kuba lisiwe na nundu, funga kijiti katikati ya sakafu kwa bawaba inayozunguka na kupanda, chenye urefu sawasawa na nusu kipenyo, na kibano mwishoni cha kushikia tofali. Kila kipande kinawekwa kwa kijiti hicho. Kozi za chini hukaa zenyewe. Kuanzia ya tano au ya sita matofali yanaanza kuteleza, na hapo utahitaji vijiti vya kuegemeza, au subira ya kushikilia kila moja hadi lishike. Kozi mbili za mwisho huwa najengea juu ya mchanga wenye unyevu ulioshikiliwa na ubao, halafu nautoa kupitia mlangoni. Ukikata matofali, kata kwa maji na vaa barakoa ya kuzuia vumbi, kwa sababu vumbi lake lina silika na mapafu hayasahau.

Barakoa hiyohiyo ibaki usoni unapofunika kuba kwa blanketi la nyuzi za kauri. Tabaka tatu za milimita 25 zinatosha, viungo vyake visikutane mahali pamoja, juu yake wavu wa kuku, kisha plasta. Plasta isizibe kila kitu: acha tundu dogo la kupumulia kileleni. Hewa iliyotulia ndani ya kihami ndiyo inayozuia joto, na maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini ya hewa hiyo. Blanketi lililolowa ni hasara. Tanuri lisilo na paa lipakwe plasta ya kuzuia maji, au lijengewe kibanda.

Kukausha ndiko kunakoharibu matanuri mengi mapya, kwa sababu kila mtu anataka kula. Kuba likimalizika lifunike kwa magunia yenye unyevu kwa wiki moja, kisha anza kuwasha vimoto vidogo. Siku ya kwanza usivuke nyuzi 150, na ongeza kama 50 kila siku. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi karibu mara 1,700, na yakikosa njia yatajitengenezea. Mimi hufanya hivi blanketi likiwa limeshavikwa na plasta bado, ili ndani na nje ya tofali visipishane sana joto na mvuke upate kutoka.

Nyufa nyembamba utaziona tu. Mita moja ya tofali ikipanda nyuzi 450 hurefuka milimita 2 hadi 3, na lazima zipate pa kwenda. Ufa usiopitisha moshi uache. Ule unaonitia wasiwasi ni wa pale kuba linapokutana na tao la nje, kwa kuwa moja linapanda joto na jingine halipandi. Acha hapo pengo la milimita 5 hadi 10 tangu mwanzo, ulijaze kamba ya nyuzi za kauri.

Siku ya kuoka, tumia kuni kavu za mti mgumu, zenye unyevu chini ya asilimia 20. Mbao zilizopakwa rangi au dawa haziingii humo. Washa katikati. Kuba litakuwa jeusi kwa masizi, na kadiri joto linavyopanda masizi yataungua na tofali litarudi jeupe kuanzia juu kushuka chini. Weupe ukifika kwenye kozi za chini, sukuma moto pembeni, fagia sakafu na upime kwa kipimajoto cha kulenga, kinachopima bila kugusa. Mimi huweka piza sakafu ikiwa kati ya nyuzi 380 na 420. Zile 485 za kwenye kanuni zinataka mkono mwepesi na unga uliozoea, na nyumbani mara nyingi zinaishia kuwa mkaa. Moto wa pembeni uendelee kuwaka kwa ulimi unaolamba dari, kipande kimoja cha kuni kila baada ya piza mbili tatu.

Ukimaliza, toa makaa, ziba mlango kwa kifuniko kizito, na asubuhi pima tena kabla ya kufungua kabisa. Tanuri lililohamiwa vizuri huwa bado karibu na nyuzi 200, joto la kutosha kwa mkate au nyama ya kuiva taratibu. Likisoma chini ya 150 wakati halikunyeshewa, kagua kwanza vitundu vya maji kwenye jamvi, kisha tundu la kileleni, kabla hujaanza kulaumu matofali.