Kujiweka wazi kwa familia: tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Mtu anayejiandaa kuwaambia wazazi kwamba yeye ni kwia (mapenzi yake si yale ya mwanamume na mwanamke tu), au kwamba ni nonbainari, yaani hajioni kuwa mwanamume tu wala mwanamke tu, mara nyingi ameshalibeba jambo hilo miaka mingi kabla familia haijasikia lolote. Ushauri anaoupata haumsaidii sana, na mwingine unamuumiza.

Dhana: Ukiwa na wasiwasi, ujue moyoni unakosea.

Hii inaniudhi kuliko zote, maana inayachukua maumivu ya mtu na kuyageuza ushahidi dhidi yake. Hebu tazama wasiwasi wenyewe. Kijana ameketi sebuleni na wenzake wa nyumbani. Taarifa ya habari inawataja watu wa aina yake, naye haangalii tena televisheni, anaangalia uso wa baba. Shangazi akiguna, anaweka moyoni. Baba akinyamaza, atakesha anajiuliza ule ukimya ulikuwa na maana gani. Saa nane za usiku ameandika ujumbe, "Mama, kuna jambo nataka tuzungumze," akaufuta, akauandika tena. Tumbo linamsokota. Huyo hana shaka na nafsi yake. Anapiga hesabu ya anachoweza kupoteza: ada, pa kulala, mama kupokea simu yake.

Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza kwa kirefu msongo unaowapata watu wa makundi ya wachache: kutarajia kukataliwa, kujificha, kujilinda kila saa. Huo ni mzigo juu ya shida za kawaida za maisha, nao ndio unaodhoofisha afya ya akili. Chanzo ni namna watu wanavyotendewa, wala si jinsi walivyo. Shirika la Afya Duniani liliridhia kuuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Katika toleo la 11 la orodha hiyo, lililoanza kutumika Januari 2022, masuala ya utambulisho wa kijinsia yalitolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Dhana: Ukishasema mara moja, umemaliza.

Laiti ingekuwa hivyo. Kuna mama, kisha baba, kisha bibi ambaye mama anasihi asiambiwe. Na kwa aliye kwia na pia nonbainari, haya ni mambo mawili: moja linahusu unayempenda, la pili linahusu wewe ni nani. Wapo waliosema la kwanza wakapokelewa kwa machozi na kukumbatiwa, kisha wakakaa na la pili kwa miaka, wakiogopa kuulizwa, "Tumeshakukubali, sasa hili nalo ni nini tena?" Wasiwasi wa mara ya pili unaweza kuwa mkali kuliko wa kwanza, kwa kuwa sasa kuna amani inayoweza kuvurugika. Mzazi aliyeweza kulipokea suala la mapenzi anaweza kukwama pale yule aliyezoea kumwita "binti yangu" anapoomba aitwe "mwanangu" tu.

Dhana: Mambo ya nonbainari yameletwa na mitandao.

Mahakama ya Juu ya Nepal ilitoa uamuzi wa kutambua jinsia ya tatu mwaka 2007. Ya India ikafuata mwaka 2014, katika nchi ambayo jamii ya hijra, watu wasiohesabiwa kuwa wanaume wala wanawake, imekuwapo kwa karne nyingi. Mitandao imewapa watu maneno ya kujieleza na wenzao wa kuongea nao, basi.

Dhana: Asiyesema ni mwoga, au anaihadaa familia.

Zaidi ya nchi 60 bado zina sheria zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Hata pasipo sheria hiyo, anayekula na kulala kwa wazazi ana haki ya kujiuliza: nikifukuzwa leo usiku nitalala wapi? Vyeti vyangu viko wapi? Nani atapokea simu yangu? Kama majibu hayapo, kusubiri ni busara. Wengine huanza na ndugu mmoja anayejua kutunza siri. Na asitokee mtu akakimbilia kwa wazazi kumsemea mwenzake eti anamsaidia. Hilo ni kosa kubwa, na linaweza kumhatarisha.

Dhana: Mzazi akikataa kwa ukali, mtoto atanyooka.

Wazazi wengi wanaobana hawana chuki. Wanaogopa maneno ya majirani, wanaogopa mtoto atapigwa njiani, wanadhani ukali utamlinda. Matokeo yanaonyesha kinyume. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha San Francisco State walichapisha utafiti kuhusu vijana 224 wa miaka 21 hadi 25, wanaovutiwa na watu wa jinsia yao au wa jinsia zote mbili. Waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua, na karibu mara 6 wa kuwa na sonona kali, kuliko wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu.

Mzazi unayesoma hapa, hulazimiki kuelewa yote siku hiyohiyo. "Bado sijaelewa, ila wewe ni mwanangu na hapa ni kwenu." Anza na hilo.

Dhana: Jibu la kwanza ndilo la mwisho.

Wewe umelifikiria kwa miaka, wao wamelisikia sasa hivi. Wapo wanaolainika baada ya miezi. Wapo wasiolainika kamwe, na sitakudanganya kuhusu hilo.

Dhana: Ni lazima useme ana kwa ana.

Barua au ujumbe wa simu si utovu wa adabu. Unamaliza unachotaka kusema bila kukatizwa, na mzazi anapata nafasi ya kulia au kukasirika wewe ukiwa mbali, kisha akasoma tena kabla ya kujibu. Ukiandika, sema pia unachoomba: wakuiteje, nani asiambiwe kwa sasa, na lini utakuwa tayari kwa mazungumzo.